Maji Kupanda Mlima

Wanasema maji hayapandi mlima.
Nileteeni huyo msemaji hapa Valparaíso,
nimwachie zamu yangu ya usiku.

Vilima vyetu vimejaa nyumba zilizoning'inia
kama nguo zilizosahauliwa kambani,
mbao juu ya mbao, bati juu ya mbao,
na upepo wa kusini unatafuta kiberiti tu.

Katika kampuni yetu mtu hulipa ndipo aungue.
Msinicheke. Ni ada, kila mwezi, kabla ya tarehe tano.
Daktari wa meno hulipa. Mwoka mikate hulipa.
Ximena, mwalimu wa hesabu, hulipa kwa sarafu
alizozihesabu mara mbili,
na mzee Baldovino, mweka hazina, hulamba kidole,
hufungua daftari, hujidai na yeye, hujilipisha.
Mimi peke yangu ndiye mwenye mshahara.
Tunalala ghorofani, juu ya gari, na Hortensia na mtoto;
king'ora ndicho jogoo wetu, wala hakijui alfajiri.

Neno ni la kapteni, mwenye kofia nyeupe.
Mchana anauza viatu, ukimbembeleza atapunguza bei;
usiku mbembeleze uone.
Luteni hutangulia kuutazama moto usoni.
Mshika mdomo wa mpira humfuata, na nyuma yake
kuna wa kumshika mshikaji, maana maji yana mateke.
Mimi motoni sifiki.
Mimi ni pampu, na ubao wa vibati:
kila aingiaye hunipa kibati chake cha shaba,
naandika saa, naandika pumzi iliyomo mgongoni mwake,
akitoka namrudishia.

Usiku ule wa Februari, juu ya ngazi za Almendro,
bomba la mtaa lilikohoa mara mbili, likanyamaza.
Maji ya kifuu kwa chungu ni bahari;
kwa moto ule yalikuwa mate.
Kampuni ya Wajerumani ikatusukumia kutoka bondeni
(Ujerumani ni kwa babu zao, wenyewe hawajui hata salamu),
gari kwa gari, mpira kwa mpira,
nami kiganja juu ya mpira nikisikiliza mapigo
kama mkunga.
Yakapanda. Ngazi mia mbili na kumi, yakapanda.

Saa kumi usiku walitoka, weusi, wakinyosha mikono.
Nilitundika vibati kumi na vinne.
Nikarudisha kumi na vitatu.
Kilichobaki: thelathini na moja. Ximena.

Kapteni hakupiga kelele.
Alivua kofia, akaivaa tena,
akamtazama luteni, na luteni akarudi ndani na wawili.
Mguu wangu wa kulia ulitaka kwenda.
Nikauzuia.
Nikiiacha pampu, anayetafutwa si mmoja tena,
ni wanne.
Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kusimama.

Alikuwa nyuma, kwenye ngazi za chini,
katokea mlango wa jikoni,
anamfunga mtoto wa watu viatu visivyo vyake.

Asubuhi mzee Baldovino alilamba kidole.
Kutoka bila kuchukua kibati: faini, peso elfu mbili.
Ximena akahesabu sarafu, mara moja tu safari hii,
vidole vikimtetemeka.
Sikumwonea huruma. Chai nilimpelekea
baada ya kulipa, si kabla.

Jumapili katibu alisoma taarifa mbele ya wote,
akataja kapteni, luteni, majina kumi na manne,
Wajerumani wakashukuriwa,
na mwisho kabisa, akiwa amekwisha kukunja karatasi,
akaikunjua: "Pampu ilifanya kazi bila kasoro."

Hortensia akanigusa kwa kiwiko.
"Umetajwa," akasema.